Laini ya Mau na Masikio Yake

Mtoto wa dada yangu anafanya kazi ya kuvuta nyaya za kompyuta maofisini, na kila akipita kwangu hapa Nakuru kunywa chai ananifundisha. Ananiambia mashine zilizoungwa kwenye waya mmoja haziwezi kuongea zote kwa pamoja. Lazima kila moja isikilize kwanza kama waya uko wazi, iseme yenyewe ni nani na inamtafuta nani, ingoje jibu, kisha iage. Kanuni hizo, anasema, zilitungwa na watu wenye akili nyingi sana huko ng'ambo. Mimi namwongezea sukari tu. Kanuni hizo nilikaririshwa kabla mama yake hajaolewa, na nilizisimamia kwa miaka mingi, na ninachotaka mjue nyinyi vijana wa mitandao ni kwamba hakuna hata mtu mmoja aliyezifuata. Siku moja karibu zimuue mtu anayeitwa Barasa, ama tuseme kutofuatwa kwa kanuni hizo karibu kumuue, na hilo ndilo nitakalowaeleza. Wekeni simu zenu chini kwanza. Naam, hata wewe unayejifanya unaangalia saa.

Nilikuwa operata. Leo ukisema operata watu wanafikiria trekta. Sisi tulikaa mbele ya ubao wa mbao wenye matundu na vibao vidogo vya chuma. Mteja akizungusha mkono wa simu yake huko shambani, kibao chake kinaanguka mbele yangu, kach, nami nachomeka waya kwenye tundu lake na kuuliza, "Nambari gani?" Akinipa nambari, nachukua waya wa pili na kumuunga. Mtandao wote ulikuwa mikono yangu miwili. Nikienda chooni, mji wangu wa kazi, Elburgon, ulikuwa umekatika wote.

Nilifunzwa hapa Nakuru na Misis Pereira, Mgoa mwembamba aliyevaa miwani yenye mnyororo na aliyekuwa na rula. Rula hiyo haikupima chochote. Ukisahau kumrudishia mteja ujumbe kama alivyousema, rula inagonga meza karibu sana na vidole vyako. "Rudia!" anasema. "Kama hukurudia, hukusikia. Umeota tu." Na mazungumzo yakiisha, mteja alitakiwa azungushe mkono mara moja, kidogo, ili tujue amemaliza. Wateja hawakufanya hivyo hata kwa bahati mbaya. Walikuwa wakiondoka tu, kama mtu anayetoka nyumbani kwa watu bila kuaga, na sisi tunabaki na waya umechomekwa tukisikiliza kuku wao.

Wakati huo ulikuja waraka kutoka juu kwamba majina yote yatatajwa herufi kwa herufi, na kila herufi iwe na neno lake maalumu. Maneno yenyewe yalikuwa ya miji ya Ulaya. Misis Pereira alitukaririsha mpaka tukaota hiyo miji. Halafu nikapelekwa Elburgon, nikampata mteja wa kwanza.

"Jina linaanza na K," akaniambia. "K kama Kiptoo."

"Kiptoo?" nikasema, kwa sababu nilifunzwa kurudia.

"Si huyo wa ng'ombe. Kiptoo wa maziwa."

Nikaandika K na kuitupa miji ya Ulaya siku hiyo hiyo.

Sasa, laini. Nyinyi kila mtu ana simu yake, na wengine wana mbili, moja ya kujibu na moja ya kutojibu. Zamani waya ulikuwa ghali na miti ya kuushikilia ilikuwa ghali zaidi, kwa hiyo wateja wa upande mmoja waligawana waya mmoja. Laini ya Mau ilitoka pale ofisini kwangu, nyuma ya posta, ikapita kwa Diwani, ikapita shuleni na dukani na kwenye mashamba kadhaa, ikafika kwa Memsahib mmoja mjane aliyekataa kurudi kwao Wazungu wenzake walipouza mashamba na kuondoka, na ikaishia kwenye kiwanda cha mbao cha Kalasinga tuliyemwita Sardar, huko juu msituni. Kila mmoja alikuwa na mlio wake. Mlio mrefu na mfupi ni Diwani. Mifupi mitatu ni Memsahib. Sardar alikuwa mirefu miwili. Mlio mmoja mrefu kabisa ulikuwa wangu, maana yake mtu anamtaka operata. Kengele zililia kwa kila nyumba, na kanuni ilikuwa rahisi hata kwa mtoto: kama mlio si wako, usiinue.

Kila mtu aliinua.

Msinicheke, maana hata nyinyi mko kwenye makundi ya simu ambayo hamjawahi kuandika neno. Fikirieni mvua ya Mau, baridi inayoingia kwenye mifupa, hakuna televisheni, redio imeishiwa betri, halafu kengele inalia na si yako. Ungefanya nini? Waliinua polepole, wakaziba mdomo wa simu kwa kiganja, wakashika pumzi. Walidhani hawajulikani. Mimi niliwajua wote bila kuwaona. Nyumbani kwa Diwani kulikuwa na saa ya ukutani yenye mlio wa kanisa. Kwa Memsahib kulikuwa na mbwa. Mwenye duka alikuwa na kikohozi, na mwalimu mkuu alikuwa akisahau na kusema "Ala!" jambo likinoga.

Shida ni kwamba simu zile hazikuwa kama zenu. Sauti kwenye waya ule ilikuwa kama sufuria moja ya ugali. Mkiwa wawili mnashiba. Akija wa tatu, wa nne, wa tano, kila mmoja anapata tonge, na wa mwisho analamba mwiko. Kila simu iliyoinuliwa ilikula sehemu ya sauti. Jambo likiwa dogo, watu wawili walisikizana vizuri sana. Jambo likiwa kubwa, ndipo watu wote waliinua, na ndipo hakuna aliyesikia kitu. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu ya laini ya Mau, na sijaona kama imebadilika.

Aliyelalamika kuliko wote alikuwa Diwani. Alikuwa mtu mnene, mwenye koti hata jua likiwaka, na aliingia ofisini kwangu bila kubisha.

"Operata, simu yangu haina nguvu. Nikipiga mambo ya serikali, sauti inapotea. Ya Memsahib akiongea mambo ya mbwa, inasikika vizuri."

"Umejuaje ya Memsahib inasikika vizuri, Mheshimiwa?"

Akanitazama. "Nimeambiwa na wananchi," akasema.

Tulimtuma Mzee Odera, fundi wa laini. Odera alikuwa amepanda nguzo za Bonde la Ufa tangu ujana wake, kuanzia Naivasha mpaka kule Londiani, na kila nguzo ilikuwa imemwachia alama kwenye magoti. Alishika njia na begi lake na simu yake ya kupimia, akaitembea laini yote kwa miguu. Hakupata kasoro. Akafika kwa Diwani bila kutazamiwa, akamkuta mezani anakula. Mheshimiwa alikuwa amekunja kitundikio cha nguo kwa ufundi mkubwa na kukivaa kichwani, kikashikilia simu sikioni ili mikono yote miwili ibaki na kazi ya nyama. Upande wa pili wa waya, mwenye duka alikuwa akiagiza misumari.

Odera aliporudi nilimwuliza waya una nini.

"Waya hauna ugonjwa," akasema. "Ugonjwa ni masikio."

Diwani hakuaibika. Mtu wa siasa akiaibika, kazi imeisha. Badala yake aliitisha mkutano wa wateja wote wa laini ya Mau kuzungumzia udhaifu wa sauti, na kwa kuwa barabara ilikuwa tope, mkutano huo ungefanyika kwa simu. Niliagizwa nipige milio yote. Nikapiga. Wakainua wote, safari hii kwa halali, na nikamsikia Diwani akifungua mkutano kwa sauti ya mbu aliye ndani ya chupa. Aliuliza kama anasikika. Hakuna aliyesikia swali, kwa hiyo hakuna aliyepinga. Akahutubia kwa muda mrefu. Baadaye alinieleza kwamba mapendekezo yake yote yalipitishwa kwa kauli moja.

Nilicheka sana siku hiyo. Misis Pereira nilipomweleza hakucheka. Alisema, "Ngoja siku mtu atakuwa na jambo la kweli."

Siku hiyo ilikuja baada ya mvua kubwa, asubuhi, wakati wa chai. Kibao cha laini ya Mau kilianguka kwa mlio mmoja mrefu ambao haukukatika, kama mtu ameshika mkono wa simu na hawezi kuuachilia. Nikachomeka. Nikasikia kach, kach, kach, simu zikiinuliwa njia nzima, na kwa mbali, nyuma ya hizo kach zote, Sardar analia. Sikuwahi kumsikia Sardar akilia. Alikuwa mtu wa kufoka.

"Operata... Barasa... msumeno... mguu..."

Halafu sauti ikafa. Niliminya kisikizio kwenye sikio mpaka likauma. Barasa nilimjua, kama kila mtu Elburgon alivyomjua. Alikuwa ndiye mwenye kusukuma magogo kwenye msumeno mkubwa, kijana mrefu aliyecheza mpira Jumapili uwanjani na kushangiliwa hata na wapinzani. Alikuwa na mke na mtoto mchanga.

"Jamani, nawaomba," nikasema. "Mtu ameumia kiwandani. Wote wekeni chini. Wote! Nimsikie Sardar peke yake."

Hakuna aliyeweka. Vijana, nataka mlielewe hilo vizuri, kwa sababu miaka yote nimelifikiria. Hawakuwa watu wabaya. Mwenye duka alikuwa akiwapa wajane unga wa bure. Lakini ukiweka simu chini, inalia kach, na kach hiyo ingesema, nilikuwepo. Kwa hiyo wote walishika pumzi, kwa adabu, huku Barasa anatoka damu.

"Memsahib," nikasema, "nasikia mbwa wako. Tafadhali weka chini."

"Mimi hapana sikiliza," akajibu. "Mimi napita tu hapa karibu ya simu."

"Basi pita, Memsahib."

"Kwa nini mimi kwanza? Ambia hawa wengine."

Ni kweli, wengine walikuwepo. Nilimwita mwalimu kwa jina, nikamwita mwenye duka kwa kikohozi chake, na kila mmoja alingoja mwenzake aaibike kwanza. Nilitaka kuwatukana matusi ambayo Misis Pereira hakunifundisha. Kisha nikafikiria tu vile waya ulivyo: kama hawatoki, basi wafanye kazi. Memsahib alikuwa jirani ya Sardar kwenye waya. Diwani alikuwa jirani yangu.

"Memsahib, unamsikia Sardar?"

"Safi kabisa."

"Diwani, unamsikia Memsahib?"

Halafu saa ya ukutani ikapiga, ding dong, kama misa.

"Mheshimiwa, hiyo saa ni yako."

"Nimeinua sasa hivi tu," akasema Diwani. "Kuna nini?"

Nikawaeleza. Sardar atamwambia Memsahib, Memsahib atamwambia Diwani, Diwani ataniambia mimi. Maneno yale yale, bila kuongeza. Kisha mimi nitayarudia kwa Diwani, na yapande tena mpaka kwa Sardar aseme ndiyo. Bila ndiyo ya Sardar, sitamwita mtu yeyote. Mnaona? Mashine za mpwa wangu zilikuwa bado hazijazaliwa, na sisi tulikuwa tukipokezana ujumbe kutoka kituo hadi kituo, isipokuwa vituo vyetu vilikuwa na maoni.

Nikamsikia Memsahib akiongea na Diwani, mbali. Kisha Diwani akaja kwangu akiwa ameshasafisha koo.

"Operata, andika. Kufuatia ajali iliyotokea katika eneo langu..."

"Mheshimiwa, amesema nini?"

"Amesema Barasa amekatwa mguu chini ya goti, wamefunga na mshipi wa mashine, damu bado iko. Gari ya hospitali ipande mpaka kiwandani, ipitie barabara mpya."

Barabara mpya ilikuwa barabara ya Diwani. Aliipigania kwenye baraza, ikachongwa, ikapita mlangoni kwake, na tangu siku ile ilipochongwa mvua ilikuwa imeifanya bwawa. Magari ya mbao yaliiogopa. Nikashika waya wa hospitali mkononi. Nilitaka kuuchomeka, Mungu ananijua. Kila pumzi niliyovuta niliona damu kwenye vumbi la mbao. Lakini nilirudia. "Mheshimiwa, gari lipande kiwandani, lipitie barabara mpya. Memsahib amwulize Sardar kama ndivyo."

Diwani akampa. Memsahib akampa Sardar. Na safari hii Sardar alipiga kelele, ikashuka waya wote, ikapita masikio yote, ikanifikia mimi ikiwa nzima.

"Hapana! Hapana barabara ya Diwani! Gari nazama! Mimi nashusha Barasa na lori, lori iko na minyororo! Njia panda ya shule! Ambia wao ngoja njia panda!"

"Njia panda ya shule," nikasema. "Lori linamshusha. Gari lingoje pale."

"Njia panda ya shule," akasema Memsahib.

Diwani, aliyepaswa kuirudisha juu, alikawia. "Lakini barabara mpya ni fupi," akasema, na nikamsikia mwalimu mkuu, aliyejifanya hayupo kwenye simu, akisema, "Ala! Diwani, sema vile umeambiwa!"

Akasema. Ikapanda, ikarudi, Sardar akasema ndiyo, nami nikachomeka waya wa hospitali na kuwapa njia panda kwa maneno machache. Gari lilikuta lori limekwisha kufika. Daktari alisema baadaye kwamba lau wangeanza kutafutana juu kule kwenye tope, wangepokea maiti. Barasa alipona. Mguu haukupona.

Nilipomaliza kuongea na hospitali nilirudi kwenye laini ya Mau, kwa kuwa kanuni inataka uhakikishe waya umebaki wazi. Haukuwa wazi. Wote bado walikuwa wameinua, wanangoja niseme habari. Nilichomoa waya nikatoka nje nikalia kidogo nyuma ya posta, kisha nikarudi, kwa sababu kibao kingine kilikuwa kimeanguka na mtu alitaka bei ya viazi Nakuru.

Mnaweza kudhani walijifunza. Kwa muda fulani waliogopa kuinua, ni kweli. Halafu binti wa mwenye duka akachumbiwa na watu wawili kwa wakati mmoja, na laini ikarudia hali yake.

Hata hivyo jambo lililonikaa moyoni si hilo. Ukafika wakati wa harambee ya kujenga darasa pale shuleni, na watu wote wa laini walikuja, wengine tukionana uso kwa uso kwa mara ya kwanza ingawa nilijua vikohozi vyao. Diwani ndiye alikuwa mgeni wa heshima. Alisimulia vile yeye, kwa simu yake mwenyewe na kwa kufikiri haraka, aliokoa maisha ya kijana wetu. Barabara mpya hakuitaja. Akamwita Barasa mbele ili watu wamwone.

Barasa alikuja na gongo lake, suruali ya upande mmoja imekunjwa na kubanwa kwa pini. Watu wakapiga makofi. Diwani akamshika bega na kumwambia asalimie wananchi.

"Nashukuru," akasema Barasa. "Lakini niko na swali, Mheshimiwa. Siku hiyo nilikuwa nimelala hapo chini, karibu na simu. Nilisikia Sardar akiomba watu waweke chini. Akaomba, akaomba. Hata alipiga magoti. Nyinyi mlikuwa mnamsikia. Kwa nini hamkuweka?"

Mwalimu mkuu aliangalia viatu vyake. Memsahib alikuwa amekuja na mbwa mmoja, akaanza kumkuna. Diwani pekee hakutahayari, maana lilikuwa swali rahisi kwake.

"Sasa wewe Barasa," akasema, kwa upole kabisa, kama baba na mtoto, "kama ningeweka chini, ningejuaje vile iliisha?"

Watu wakacheka. Walicheka kwa raha, kama watu walioondolewa mzigo. Barasa aliwangoja mpaka wakamaliza. Kisha akatoa ile pini, akaiachilia suruali ianguke, ikaning'inia tupu kwenye upepo, na akasema, "Iliisha hivi."

Diwani akamshukuru sana, akaita kwaya.